Mjamzito akiwa jela Garissa, nani wa kumtibu?

IWAPO umewahi kufika Garissa mwezi wa Februari au Machi, huna haja ya kuelezwa joto la huko. Mchana hupita nyuzi 35, na usiku nao hauleti nafuu kubwa. Sasa, msomaji, litie joto hilo ndani ya chumba cha jela, kisha umkalishe humo mwanamke mwenye mimba ya miezi minane ambaye hata hajahukumiwa, anangoja tu tarehe ya kesi. Miguu na uso vimemvimba, kichwa chamwuma tangu jana na macho yaona vimulimuli. Mkunga yeyote atakuambia kwamba hizo ni dalili za shinikizo la damu la uja uzito, ambalo lisiposhughulikiwa haraka huleta kifafa cha mimba, na kifafa hicho chaweza kumuua mama na mtoto kwa pamoja. Anapaswa kufikishwa hospitalini saa hiyo hiyo, si kesho.

Nani atamfikisha? Nani atamtibu? Nani atalipa? Yeyote anayetaka kuishauri serikali kuhusu wafungwa wanawake angefaa kuanza na maswali haya, kabla ya kuzungumzia mafunzo ya ushonaji na ususi ambayo wapiga picha wa magazeti huyapenda sana.

SERIKALI MBILI, MGONJWA MMOJA

Katiba ya 2010 iligawa kazi baina ya serikali kuu na kaunti. Hospitali za wilaya na za mikoa, vituo vya afya na zahanati zilikwenda kwa kaunti, na mgawo huo ukaanza kutekelezwa mwaka 2013. Magereza yalibaki mikononi mwa serikali kuu. Kwa hivyo mwanamke aliyefungwa Garissa analindwa na kulishwa na Nairobi, ilhali daktari wa uzazi, chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa viko katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ile iliyokuwa hospitali kuu ya mkoa. Hapo kati, baina ya lango la gereza na mlango wa wadi, yahitajika gari, mafuta, askari wa kike wa kumsindikiza na afisa wa kutoa idhini. Kikikosekana kimoja tu, safari haifanyiki.

Kisha kuna malipo. Bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 humtaka mtu awe amesajiliwa. Kaskazini Mashariki ni eneo ambalo kwa miaka mingi wakazi wake wamepata kitambulisho kwa taabu, na mtu asiye na kitambulisho huanza safari ya hospitali akiwa nyuma ya wenzake hata akiwa huru, sembuse akiwa na nambari ya gereza.

Shida hii si ya Kenya pekee, na nchi nyingine zimeitafutia dawa. Norway iliitoa afya ya wafungwa mikononi mwa magereza na kuikabidhi idara ya kawaida ya afya mwaka 1988. Ufaransa ikafuata 1994, na Uingereza ikakamilisha kazi hiyo 2006. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani pamoja na afisi ya Umoja wa Mataifa inayohusika na dawa za kulevya na uhalifu zilishauri serikali zote zifuate njia hiyo. Sababu yake inaeleweka. Daktari aliyeajiriwa na gereza ana mabwana wawili, mgonjwa na mkuu wa gereza, na matakwa ya wawili hao hayalingani kila siku.

Si lazima Kenya ibadilishe Katiba ili kufika huko. Katiba yenyewe inaruhusu ngazi mbili za serikali kushirikiana na hata kukabidhiana kazi kwa mapatano, na Sheria ya Uhusiano baina ya Serikali ya 2012 inaeleza utaratibu. Ushauri wa kwanza basi ni huu: Idara ya Magereza na kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zitie sahihi mapatano ya maandishi yatakayosema ni mkunga gani afike gerezani siku gani ya wiki, ni gari gani litumike usiku, na bili ipelekwe wapi. Bila karatasi hiyo kila dharura itaanza kwa kupigiana simu.

UCHACHE WAO NDIO ULIOWAPONZA

Duniani kote wanawake waliofungwa ni zaidi ya 700,000, lakini ukiwapanga wafungwa 100 utapata kama wanawake saba tu. Jela ilijengwa kwa ajili ya mwanamume. Vyoo, ratiba, sare na hata sanduku la dawa vilipimwa kwa mwili wake, kisha mwanamke akatengewa pembe.

Katika Kaskazini Mashariki pembe hiyo ni ndogo zaidi. Kesi nyingi za huko hazifiki mahakamani kwa sababu wazee huzimaliza kwa maslaha, na familia hulipana fidia. Mwanamke anayefika jela kwa hivyo ni yule ambaye ukoo haukuweza kumwokoa au haukutaka, ama ni mgeni asiye na ukoo karibu, kwa mfano mkimbizi aliyekamatwa njiani akiwa ametoka kambi za Dadaab bila kibali. Wa namna hii hawana wa kuwaletea maziwa siku ya kutembelewa. Gereza la Wajir au Mandera likimhamisha mmoja wao hadi Garissa ili apate huduma bora, anakuwa mbali na watu wake kwa mamia ya kilomita. Kutoka Mandera ni zaidi ya kilomita 600 za barabara ambayo si salama kila siku. Akipelekwa Lang'ata, jijini Nairobi, ndiyo amekwisha kabisa machoni pa jamaa zake.

Kuna kanuni za kimataifa kuhusu mambo haya. Desemba 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Bangkok, 70 kwa jumla, zinazohusu wanawake waliofungwa. Humo imeandikwa kwamba mfungwa afungwe karibu na nyumbani kadiri iwezekanavyo. Kwamba apewe sodo bila malipo na maji ya kutosha. Kwamba akitaka kupimwa na daktari mwanamke apewe, isipokuwa katika dharura. Na kwamba pingu zisitumike kabisa wakati wa uchungu, wa kujifungua na mara baada ya kujifungua. Huku nyumbani, Katiba inalinda haki za aliyefungwa katika kifungu cha 51 na haki ya afya, pamoja na afya ya uzazi, katika kifungu cha 43. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 ikaongeza habari za matibabu na chakula. Sheria zipo. Sasa tuje kwa mwili wenyewe, maana hapo ndipo ushauri mwingi hupotea.

MWANAMKE ALIYESHONWA

Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 21 katika kila 100 walikuwa wamepashwa tohara. Katika Kaskazini Mashariki walikuwa 98. Kufikia uchunguzi wa 2022 hesabu ya nchi nzima ilikuwa imeshuka hadi 15, lakini wanawake wazima walioko huko leo ni wale wale waliokatwa zamani. Na tohara ya huko, ambayo wengi waiita ya Kifirauni, si ya kukata tu. Sehemu za nje huondolewa, kisha kingo za kidonda hushonwa na kuachwa tundu dogo la mkojo na hedhi.

Utaona mara moja maana yake ndani ya gereza. Kwa mwanamke aliyeshonwa sana, haja ndogo hutoka kwa matone na yaweza kumchukua dakika kumi au zaidi. Gerezani choo ni cha foleni. Askari asiyejua hudhani mfungwa anazembea au anajificha. Mfungwa naye, ili aepuke kufokewa, huanza kunywa maji kidogo. Katika joto la Garissa! Mkojo uliokolea na unaobaki ndani ni shamba la viini: maumivu chini ya kitovu, homa, kisha ugonjwa hupanda hadi kwenye figo. Akiwa mjamzito maambukizi hayo yaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Haya yote yaweza kuzuiwa na askari aliyeelezwa mambo mawili tu, kwamba mwanamke huyu anahitaji muda zaidi chooni na maji zaidi ya kunywa. Hakuna bajeti inayohitajika hapo.

Hedhi nayo haitoki yote kwa wepesi, hivyo maumivu huwa makali na siku huwa nyingi. Mwanamke wa namna hii huhitaji sodo zaidi kuliko mwenzake, si sawa na mwenzake. Tangu 2017 sheria imeitaka serikali iwape sodo za bure wasichana walio katika shule za umma. Ni jambo jema. Sijui kwa nini binti huyo huyo, akiingia rumande akiwa na miaka 19, ategemee hisani ya makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama.

Lakini hatari kubwa ni wakati wa kuzaa. Kovu halinyumbuki. Mtoto akifika mlangoni hana pa kupitia mpaka mtu anayejua kazi yake alifungue kovu hilo kwa mkasi, kwa mkato wa mbele, akiwa amempa mama dawa ya ganzi. Mkunga asiyefunzwa huacha uchungu uende saa nyingi, au hukata mahali pasipofaa. Matokeo yake ni kuchanika vibaya, kutokwa na damu nyingi, mtoto kukosa hewa, au nasuri, lile tundu linalomfanya mama avuje mkojo au choo bila kujizuia. Shirika la Afya Duniani linashauri kovu lifunguliwe kabla ya kujifungua au wakati wa uchungu, na linakataza wahudumu wa afya kushona upya baadaye hata wakiombwa.

Eneo hili tayari lina sifa mbaya kwa vifo vya uzazi. Hesabu iliyotokana na sensa ya 2009 iliiweka Mandera kwenye vifo 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ukidhani hesabu hiyo imezidi, ipunguze kwa nusu; bado itakuwa mara nyingi zaidi ya ile ya nchi nzima, ambayo uchunguzi wa 2014 uliitaja kuwa 362. Mwanamke aliye huru anaweza angalau kumwita mkunga wa mtaa, umuliso kama Wasomali wanavyomwita. Aliye jela humwita askari wa zamu.

Ndiyo maana swali kuhusu tohara lafaa liulizwe siku ya kwanza mfungwa anapopokelewa, pamoja na maswali ya mimba, kifua kikuu, ukimwi na sukari. Liulizwe na mhudumu wa afya mwanamke, faraghani, kwa idhini ya mwenyewe, na jibu liandikwe katika kadi ya afya badala ya daftari la gereza. Aidha, lisitumike kama ushahidi. Tangu 2011 ukeketaji ni kosa ambalo kifungo chake hakipungui miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000, na ngariba aweza kujikuta katika chumba kimoja na mwanamke aliyemshona. Huyo aliyeshonwa si mkosaji, na asiwe na hofu kwamba akisema ukweli kwa mkunga atamtia mamake mashakani.

LUGHA, FARAGHA NA MFUNGO

Askari na wauguzi wengi wa serikali kuu hutoka sehemu nyingine za nchi na hawajui Kisomali. Mahakamani mshtakiwa ana haki ya mkalimani. Katika chumba cha daktari mkalimani aghalabu ni mfungwa mwenzake. Hebu fikiria wewe ukieleza ugonjwa wa sehemu za siri kupitia kinywa cha mtu mtakayelala naye chumba kimoja usiku huo. Utasema kichwa chauma, upewe vidonge viwili, basi. Kaunti ina wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii wanaozungumza Kisomali. Mmoja wao akifika gerezani kila wiki, shida hii imekwisha.

Kifua kikuu chapenda vyumba vyenye watu wengi na hewa kidogo. Kikohozi kilichopita wiki mbili ni lazima kipimwe. Dawa zake ni za bure na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Tatizo huja mgonjwa anapohamishwa au kuachiliwa mwezi wa pili bila barua ya kuendelea na dawa kwingine. Mwezi wa Ramadhani wagonjwa wengine huacha vidonge mchana kimya kimya. Dawa nyingi za mara moja kwa siku zaweza kupangwa usiku, kwa ushauri wa mhudumu wa afya, na dini yenyewe imempa ruhusa mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha asifunge. Imamu anayetembelea gereza anaweza kulisema jambo hili vizuri kuliko daktari.

Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi nitasema machache. Upimaji wake ni rahisi na hufanywa hata katika vituo vya afya, lakini kwa aliyeshonwa kifaa cha kawaida huenda kisiingie, hivyo huhitaji mkono wenye uzoefu. Kifungo cha miaka mitatu ni nafasi ya kumpima mwanamke ambaye pengine nje asingefika kliniki kamwe.

MTOTO ASIYE NA KESI

Sheria ya Magereza huruhusu mtoto mchanga kukaa na mamake jela mpaka atimize miaka minne. Hana kosa wala hukumu, lakini chakula cha gerezani ni ugali, maharagwe na mboga, na mtoto wa miezi saba hawezi kuishi kwa hayo. Mama anayenyonyesha huhitaji chakula zaidi, na katika jamii ya wafugaji aliyezoea maziwa ya ngamia tangu utotoni huona maziwa yakikatika matitini asijue sababu. Mila nayo humtaka mzazi apumzike siku arobaini ndani, akihudumiwa na jamaa. Gereza haliwezi kuwa jamaa, lakini laweza kumpunguzia kazi kwa siku hizo na kumpa mahali pa kulala penye hewa.

Chanjo zisisahauliwe: ya kifua kikuu na polio anapozaliwa, zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua akiwa na miezi 9 na tena 18. Mwaka 2013 polio iliibuka Dadaab, mwendo wa saa chache tu kutoka Garissa mjini. Ukuta wa jela hauzuii kirusi.

HUENDA DAWA NI KUTOMFUNGA

Yote niliyoyataja yana gharama, na serikali itauliza pesa zitatoka wapi. Kwa wanawake wengi wenye makosa madogo, ushauri wa nafuu kuliko wote ni kutowafungia humo. Katiba, kifungu cha 49, hairuhusu mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 humruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi ya umma badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Mwongozo wa dhamana uliotolewa na Mahakama mwaka 2015 unataka masharti yalingane na uwezo wa mshtakiwa. Kanuni za Bangkok nazo zinasema mjamzito na mwenye watoto wadogo apewe kwanza adhabu isiyo ya jela. Mwaka 2020, korona ilipoingia, maelfu ya wafungwa wa makosa madogo waliachiliwa nchini katika muda wa wiki chache. Kumbe yawezekana.

Kinachokosekana mara nyingi ni habari. Hakimu haoni mimba ya miezi mitatu kutoka kitini pake, wala hajui kwamba aliye kizimbani amemwacha mtoto anayenyonya. Afisa wa probesheni akiandika taarifa ya afya na familia kabla ya dhamana kuamuliwa, uamuzi huwa mwingine. Kila kituo cha mahakama kina kamati ya watumiaji wa mahakama ambamo hukaa hakimu, polisi, magereza na probesheni. Afisa wa afya wa kaunti naye akae humo.

IWAPO UNA JAMAA ALIYE NDANI

Usingoje tume. Kama binti au dada yako amekamatwa na ni mjamzito, ana kifua kikuu, anatumia dawa za ukimwi au za kifafa, mwambie wakili na afisa wa probesheni siku hiyo hiyo, na umwombe hakimu aliandike jambo hilo katika rekodi ya kesi. Peleka gerezani kadi ya kliniki, uiache nakala kwa afisa wa afya na nyingine ubaki nayo. Kama alipashwa tohara ya kushonwa, mama au shangazi amweleze muuguzi wa kike mapema, kabla ya mwezi wa saba wa mimba, ili mipango ya kumfungua ifanywe hospitalini. Majaji na mahakimu wana mamlaka ya kutembelea magereza na kusikiza malalamiko, wanapopita, asinyamaze.

Na ukitaka kuishauri serikali, huhitaji kuwa profesa. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na ombi hilo laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Mabunge ya kaunti nayo hupokea maombi ya wakazi. Liandike kwa ufupi, taja jambo moja, kwa mfano mkunga wa kila wiki au gari la usiku, useme ni afisi gani inayopaswa kulitenda, utie sahihi na umpelekee karani wa bunge.